Dawa ya Moshi ya Kupika Nyumbani

Nyumbani kwa Zenek Kulesza hakikununuliwa kitu ambacho mikono ingeweza kukitengeneza. Soseji walijaza wenyewe, wakazikausha kwa moshi. Matango waliyachachusha katika pipa. Mkate ulitoka kwenye jiko la matofali. Nyuma ya jiko hilo ulikaa mtungi mkubwa wa kioo, na ndani yake mvinyo wa cheri ulitoa viputo kila majira ya baridi.

Asubuhi hiyo ya Februari Zenek alikamua ng'ombe, akanawa mikono, akaingia jikoni. Mkewe Bogna alikuwa ameshavaa koti. Vifungo vya koti havikufungika tena tumboni. Hii ilikuwa mimba yake ya kwanza, baada ya miaka mingi ya kungoja na kulia.

"Umelipasha gari moto?" Bogna aliuliza.

"Linanguruma kama paka."

"Paka wako anakohoa siku hizi."

Gari lao lilikuwa la dizeli, la kijivu, na lilikuwa limeshatembea zaidi ya kilomita laki nne. Zenek alilinunua ng'ambo ya mpaka, Ujerumani.

"Mjerumani alilia wakati ananiuzia," alipenda kusema.

"Alilia kwa furaha," Bogna alimjibu kila mara.

Walikwenda kliniki kwenye hospitali ya mkoa, mwendo wa kilomita sabini na kitu. Zamani palikuwa na wodi ya wazazi katika mji wa karibu, lakini ilifungwa. Sasa wanawake wote wa vijiji vile walijifungulia mkoani.

Daktari alimpima Bogna kwa muda mrefu. Kisha akawaambia wote wawili, "Mtoto amekaa. Makalio yako chini, kichwa kiko juu. Hatutaki azaliwe hivyo. Tutamtoa kwa upasuaji wiki ijayo. Lakini uchungu ukianza kabla, msikae kusubiri. Uchungu wa kwanza tu, pigieni simu ambulensi, na kama iko mbali, ingieni garini mje. Mnalo gari zima?"

"Zima kabisa," Zenek alisema haraka.

Bogna alimtazama. Alimjua mumewe. Akisema haraka, kuna kitu.

Njiani kurudi, Bogna alitupa macho upande wa usukani. Mbele ya dereva, kwenye dashibodi, palikuwa na kadi ya Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri. Kadi hiyo ilikaa siku zote kwenye kioo cha mbele. Leo ilikuwa imebandikwa kwa gundi chini, juu ya mahali ambapo taa za onyo huwaka.

"Mtakatifu amehama lini?" Bogna aliuliza.

"Jua lilikuwa linamfifisha."

"Jua? Februari?"

Walipofika uani, kabla Zenek hajazima injini, Bogna alinyoosha mkono akaibandua kadi. Nyuma yake iliwaka taa ya njano. Chini ya taa palikuwa na maneno: *Hitilafu ya mfumo wa kusafisha moshi. Injini haitawaka tena baada ya kilomita 48.*

Bogna aliyasoma mara mbili.

"Zenek. Hospitali iko umbali gani?"

Zenek alianza kufuta kioo kwa kiganja.

"Nimekuuliza. Hospitali iko umbali gani?"

"Sabini na moja."

"Na hapa pameandikwa arobaini na nane."

"Nilikuwa nataka kulishughulikia. Asubuhi ilikuwa mia moja na tisini. Nikasema twende kliniki kwanza, halafu..."

"Halafu ukamfanya mtakatifu kuwa pazia!" Sauti ya Bogna ilipanda. "Unanificha mimi? Mtoto wako amekaa kwenye makalio humu ndani, na wewe unanificha?"

Aliufungua mlango, akashuka polepole, akashika nguzo ya uzio. Zenek alitaka kumsaidia. Bogna aliuondoa mkono wake.

*

Wa kwanza kufika alikuwa Mirek, kaka yake Bogna. Alikuja na trekta lenye jembe la kusukuma theluji. Ndiyo kazi aliyopewa na kata wakati wa baridi. Mirek alikuwa na ufumbuzi wa kila kitu, na kila ufumbuzi wake ulikuwa mfupi.

"Shemeji, hii rahisi," alisema. "Tunafungua betri. Kompyuta inasahau. Kwisha kazi."

Walifungua waya wa betri. Wakasubiri. Wakaufunga tena. Saa ya gari ilirudi sufuri. Redio ilisahau stesheni zake zote. Lakini maneno yalikuwa palepale: kilomita 48.

"Basi ni sensa ya moshi, kile kijipimo cha kwenye bomba," Mirek alisema. "Inakufa kwenye magari yote yaliyochoka. Badilisha sensa. Au tuache upuuzi. Kuna jamaa mjini anaukata mfumo wote. Anaidanganya kompyuta, gari linaamini mambo ni mazuri. Hutatia tena ile dawa ya kusafisha moshi kwenye tangi lake maisha yako yote."

"Huyo jamaa yuko mjini," Bogna alisema kutoka mlangoni. "Utafikaje, na utarudije? Mpigie Lucyna."

"Lucyna hapana," Zenek alisema. Haraka tena.

"Kwa nini hapana? Anatengeneza matrekta na mashine za kuvunia za ushirika mzima. Anaishi ng'ambo ya shamba."

"Ana mambo yake."

"Zenek, unaogopa nini?"

Zenek alitazama theluji. Bogna alitoa simu mfukoni.

Lucyna alikuja kwa miguu, akivuka shamba, mkoba wa vifaa begani. Pikapu yake ilikuwa kwa mwanawe, kwenye kazi za misitu. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, shavu jekundu kwa baridi, mdomo hauna breki. Walilisukuma gari ghalani ili kulikinga na upepo.

"Mama kijacho, hujambo? Nenda ndani ukakae karibu na jiko," alimwambia Bogna. Kisha akainama kwenye dashibodi. "Nani kagusa betri?"

Mirek akakohoa.

"Saa inasema sufuri, msijifiche. Kuondoa waya wa betri hakuponyi kitu. Onyo hili limeandikwa mahali ambapo betri haifiki. Kitu cha kwanza ni kusoma kinachomsumbua mgonjwa. Hufungui, hubadilishi, hufuti. Unasoma."

Aliunganisha mashine ndogo ya kusomea hitilafu chini ya usukani. Akangoja. Akasoma kwa sauti.

"Ziko tatu. Ya kwanza: dawa ya moshi ni mbovu. Ya pili: dawa inayofika kwenye bomba la moshi ni kidogo mno. Ya tatu: sensa inaona moshi mchafu."

"Si nilisema!" Mirek aliruka. "Sensa!"

"Ulisema nini? Sikiliza, Mirek. Sensa imekuambia moshi ni mchafu. Na moshi kweli ni mchafu, nimeunusa nikiwa kwangu. Sasa unataka kuitupa kwa kuwa imesema kweli?"

"Kwenye gari lililotembea hivi..."

"Sensa huchoka, ndiyo. Lakini inapimwa mwisho. Kwanza dawa. Halafu nozeli inayoipuliza. Halafu waya na plagi zake. Ukianza na sensa, utaweka mpya na taa itawaka vilevile. Zenek, mlimimina nini kwenye tangi hili?"

"Dawa ya moshi," Zenek alisema.

"Ya wapi?"

Upepo ulipita kwenye mbao za ghala. Zenek alikuna shingo. Lucyna alifungua kifuniko kidogo cha buluu pembeni ya tangi la dizeli. Mdomo wa tangi ulikuwa umeota ukoko mweupe, kama chumvi. Alitumbukiza mpira mwembamba, akavuta dawa kidogo, akaitia kwenye gilasi, akaiinua kwenye mwanga.

"Dawa nzuri ni angavu kama maji ya kisima cha mlimani. Hii ni ya njano. Na chini kuna mchanga." Alichovya kijiti, akadondosha tone moja kwenye kipimo chenye kioo, kile ambacho unakielekeza mwangani na kuchungulia kama darubini. "Nguvu yake inatakiwa isomeke thelathini na mbili na nusu. Hii ni ishirini na moja. Zenek Kulesza, kiwanda gani kimekuuzia takataka hii?"

Bogna hakuwa amekwenda jikoni. Alikuwa amesimama mlangoni pa ghala, na akajibu yeye.

"Kiwanda kiko nyuma ya jiko langu. Sasa naelewa kwa nini mtungi wa cheri ulitoweka mwezi mzima."

Zenek aliinua mikono. "Haya! Nimepika mwenyewe. Kwani dawa hii ni nini? Urea na maji. Nimesoma kwenye dumu. Urea ninayo gunia zima, ile mbolea ya ngano. Maji yako kisimani. Kwa nini ninunue?"

Mirek alianza kucheka. Lucyna alicheka pia, mara moja, kisha akakaza uso.

"Ni urea, ndiyo. Lakini mbolea haikutengenezwa kwa gari. Chembe zake wamezipaka kitu zisigandane guniani. Ngano haijali. Nozeli inajali. Na kisima chako kina chokaa na chuma, birika lako ni ushahidi. Hayo yote yakifika kwenye bomba la moto, maji yanaruka, yanabaki mawe. Na ulipimaje?"

"Kwa kikombe."

"Kwa kikombe! Dawa hafifu inaganda upesi kwa baridi, na haina nguvu ya kuua sumu."

"Sumu gani?" Bogna aliuliza.

Lucyna alimgeukia, akalegeza sauti. "Moshi wa dizeli una gesi mbaya, mama. Huioni. Inachoma mapafu, hasa ya watoto. Dawa inapulizwa kwenye bomba, inakutana na gesi hiyo ndani ya kichujio chenye joto kali, na gesi inageuka kuwa hewa ya kawaida na mvuke. Basi. Huyo jamaa wa mjini anayekata mfumo, anakata hicho. Ni kinyume cha sheria, na ukaguzi wa mwaka utakukamata. Lakini sheria iweke kando. Moshi utaingia wapi kwanza? Kwenye kitanda cha mtoto wako, dirisha lile pale."

Bogna aliweka mkono tumboni. Mirek akaacha kucheka.

"Basi tufanye," Zenek alisema kwa sauti ndogo. "Niambie cha kufanya."

*

Walianza kwa kuondoa dawa mbovu. Zenek aliivuta yote kwa pampu ya mkono. Kisha walisuuza tangi kwa maji ya betri, yale maji yasiyo na madini. Maji ya kwanza yalitoka ya njano. Ya pili yalitoka meupe kidogo. Walisuuza mpaka yakatoka safi.

Mirek alitumwa kwa trekta kwenye bohari la ushirika. Alirudi na dumu jipya. Lucyna alilipokea akaligeuza.

"Tazama, Zenek. Muhuri haujakatwa. Tarehe haijapita. Na hapa pana namba ya kiwango, ISO 22241. Vitu vitatu, kila mara. Na faneli iwe ya kazi hii tu. Faneli ya dizeli usiisogeze hapa. Dawa ikiingia kwenye dizeli, au dizeli ikiingia kwenye dawa, usiwashe gari hata kidogo."

Walijaza tangi. Zenek akakaa kwenye usukani, akageuza ufunguo.

Taa iliwaka. *Injini haitawaka tena baada ya kilomita 48.*

"Bado!" Alipiga usukani kwa kiganja. "Bado, mama wee!"

"Usilipige, halijakukosea. Nilisema hitilafu ni tatu. Dawa mbovu imeshafanya kazi yake. Zima. Lete jeki."

Lucyna aliingia chini ya gari. Kwanza alikagua waya na plagi kwa tochi: nzima, hazina kutu. Kisha wakasikia spana ikigonga, na Lucyna akitukana boliti moja kwa jina la shetani. Alipotoka, mkononi alikuwa na kitu kidogo kama kidole gumba. Ncha yake ilikuwa imezibwa na jiwe jeupe.

"Nozeli," alisema. "Inatakiwa ipulize ukungu. Hii haiwezi hata kutema mate. Leta maji ya betri ya vuguvugu. Hakuna kukwaruza kwa bisibisi, tundu lake ni dogo kuliko unywele. Tunailoweka, jiwe linayeyuka lenyewe."

Nozeli ilikaa kwenye bakuli. Maji yakawa kama maziwa. Wakayabadilisha. Walikuwa wanayatazama yakibadilika tena, waliposikia Bogna akiita.

"Zenek."

Alikuwa amejishika kwenye mlango wa ghala. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Umeanza," alisema.

Zenek alitazama bakuli. Akatazama gari, limeinuliwa kwa jeki, bomba wazi.

Lucyna ndiye aliyepiga simu ya dharura. Aliongea kidogo, akasikiliza sana. "Ambulensi ya huku iko kwenye ajali, barabara kuu ina barafu," aliwaambia. "Wanatafuta nyingine. Wanauliza chupa ya maji imepasuka?"

"Hapana," Bogna alisema.

"Uchungu unakuja mfululizo?"

"Mmoja. Halafu umeondoka."

Lucyna alirudia hayo kwenye simu. "Wanasema kama tuna gari, tuondoke. Alale ubavu wa kushoto kiti cha nyuma. Simu iwe wazi. Ambulensi ikipatikana itawapokea njiani. Na chupa ikipasuka, simameni na mwaambie hapohapo."

"Tuna gari?" Bogna aliuliza. Hakumuuliza Lucyna. Alimuuliza Zenek.

"Rudisha nozeli!" Zenek alisema. "Rudisha hivyohivyo, twende!"

"Hivyohivyo hapana."

"Lucyna, mke wangu..."

"Namwona mkeo, nina macho! Ndiyo maana nakwambia hapana. Una kilomita arobaini na nane. Nozeli ikirudi imeziba, gari halitajiona limepona, na likizimika msituni halitawaka tena. Naipima kwanza. Muda wa kumvalisha mkeo buti, si zaidi. Nenda kamvalishe!"

Zenek alimvalisha mkewe buti. Kamba zilimponyoka mara mbili.

"Zipitishe kwenye tundu, baba," Bogna alisema, akijaribu kutabasamu. "Umefunga kamba za ng'ombe maisha yako yote."

Ghalani Lucyna alikuwa ameunganisha nozeli kwenye waya na mpira wake. Aliielekeza ndani ya kikombe cha kupimia, akabonyeza mashine. Nozeli ilitema tone. Likafuata tone la pili. Mirek alishika kichwa.

Kisha ikapiga chafya, na ukungu mwembamba ukajaa kikombeni.

"Huyo!" Lucyna alisoma mistari ya kikombe. "Kiasi ni sawasawa. Gasketi mpya, isivuje, hii hapa. Mirek, acha kuomba, shika tochi!"

*

Gari liliposhuka kwenye jeki, Lucyna aliingiza kichwa dirishani.

"Nisikilize vizuri. Kompyuta lazima ijionee yenyewe kwamba dawa inafanya kazi. Bomba lazima lipate moto. Ukifika barabara kuu, nenda mwendo mmoja, usikanyage na kuachia. Taa inaweza kuzima njiani. Inaweza isizime. Namba ikifika sufuri, injini haitakufa ikiwa inatembea. Itakataa kuwaka *tena*. Kwa hiyo usizime. Umenielewa? Na hapa pana kitufe: gari lako hujizima lenyewe likisimama. Kibonyeze sasa."

Zenek alibonyeza. Mirek alikuwa tayari kwenye trekta, akisukuma theluji mbele yao mpaka mwisho wa barabara ya kijiji. Alipofika lami alilitoa trekta pembeni, akapunga mkono kwa nguvu kama anafukuza nyuki.

Msitu ulipita pande zote mbili. Jua lilikuwa limeshuka kwenye misonobari. Zenek alishika mwendo mmoja. Namba ilishuka: arobaini, thelathini na tano. Nyuma, Bogna alipumua kwa mdomo.

"Unakuja mwingine," alisema.

"Shika kiti."

"Nashika. Soma namba."

"Usijali namba."

"Zenek! Usinifiche tena. Soma."

"Ishirini na sita."

"Endelea kunisomea."

Alimsomea. Ishirini. Kumi na saba. Kumi na tatu. Walikuwa bado mbali na mkoa. Mbele yao taa nyekundu zilianza kumeta, na mikono ya kivuko cha reli ikashuka.

Zenek alisimama. Aliweka gia huru, akaachia klachi. Injini ikashuka sauti. Alisikia mtikisiko mdogo, ule ambao gari hufanya kabla ya kujizima kwenye foleni. Alitazama kitufe. Kilikuwa kinawaka: kujizima kumefungwa. Ulikuwa mtikisiko wa treni tu, uliopita ardhini. Mabehewa ya magogo yakaanza kupita, moja baada ya jingine, bila haraka.

"Linaunguruma?" Bogna aliuliza.

"Linaunguruma."

"Kama paka?"

"Kama paka anayekohoa, mama."

Mikono ya kivuko ikainuka. Zenek aliondoa gari taratibu, kama amebeba mayai. Kumi na moja. Tisa. Barabara ilinyooka. Mwendo mmoja. Saba. Sita.

Taa ya njano ikazima.

Zenek hakuamini. Aliangalia barabara, akaangalia tena. Namba haikuwepo. Maneno hayakuwepo. Dashibodi ilikuwa nyeusi na tulivu.

"Sita, halafu?" Bogna aliuliza. "Zenek? Soma!"

"Hakuna cha kusoma," alisema. "Imezima, Bogna. Imejionea."

*

Mlangoni pa hospitali wakunga walimpokea Bogna kwa kitanda cha magurudumu. Zenek alikimbia nao mpaka kwenye mlango ambao hakuruhusiwa kuupita. Gari alikuwa ameliacha nje, injini inanguruma.

Mlinzi alimfuata. "Bwana, gari lile ni lako? Lizime."

"Siwezi. Ngoja kidogo."

"Huwezi nini? Umeliegesha chini ya madirisha ya wodi ya wazazi. Unawavutisha moshi watoto wa jana!"

Zenek aliinua macho. Madirisha yalikuwa pale juu, yenye mwanga wa njano. Alitoka nje, akakaa kwenye usukani, akashika ufunguo. Mkono haukutaka kugeuka. Kisha akalizima.

Alihesabu pumzi zake, akageuza ufunguo tena. Injini ikawaka mara moja. Alilisogeza gari mbali na madirisha, akalizima bila kufikiri, akakimbia kurudi ndani.

Mtoto alikuwa msichana. Alizaliwa kwa upasuaji, mzima, na mguu mmoja umekunjwa mpaka sikioni.

"Ndivyo alivyokaa," mkunga alisema. "Kama bibi kwenye benchi la kanisa."

Lucyna alikuja na mashine yake Bogna alipotoka hospitali. Alisoma: hitilafu hakuna. Hakutaka malipo, ila alikubali soseji na chupa ya uyoga wa siki.

"Na sensa?" Zenek aliuliza.

"Nzima. Itakufa siku moja, na itakapokufa nitakwambia. Kwa sasa ikisema kitu, isikilize. Taa ya njano ikiwaka, unakuja kwangu siku hiyohiyo, hungoji namba zishuke."

Mtakatifu Kristofa alirudi kwenye kioo cha mbele. Hakuna kitu kilichobandikwa tena juu ya taa.

Mwezi wa Mei walimbatiza mtoto. Meza ilijaa. Mirek alichelewa kidogo, akamvuta Zenek pembeni karibu na ghala.

"Shemeji, trekta langu jipya nalo linakunywa ile dawa. Nina gunia la urea limebaki. Ule mchanganyiko wako, kama mtu angetumia maji ya mvua badala ya kisima..."

"Mirek."

"Nauliza tu!"

Zenek alimshika bega, akamwingiza ghalani. Juu ya rafu palikuwa na dumu lenye muhuri, na faneli safi imefungwa kwenye mfuko. "Utachukua hili. Kesho utanunua lako. Muhuri, tarehe, namba ya kiwango. Urea yako iende kwenye ngano, ngano itakushukuru."

Walirudi mezani. Bogna alikuwa anamimina mvinyo wa cheri. Lucyna aliinua gilasi yake, akaitazama kwenye mwanga kwa jicho moja. Kisha, mbele ya wageni wote na padri, akatoa kipimo chake cha kioo mfukoni, akadondosha tone la mvinyo, akachungulia.

Padri alishusha gilasi yake.

"Zenek," alisema, "huu umechachia kwenye mtungi gani?"

"Mtungi mpya!" Bogna alipiga kelele, mtoto begani. "Ule wa zamani niliuvunja mwenyewe, kwa shoka!"

"Basi, kwa afya ya mtoto," Lucyna alisema, akanywa yote.